Vinywaji vya Kuongeza Nguvu na Afya ya Uzazi ya Mwanamke

Vinywaji vya kuongeza nguvu vimekuwa bidhaa ya kawaida madukani, kwenye magulio na katika vituo vya mabasi. Wanawake wengi wanaoamka alfajiri kuwahi sokoni au shambani huvinywa ili kuondoa uchovu. Maswali mawili huulizwa mara kwa mara: je, vinywaji hivi huharibu kizazi? Na je, ni salama kwa mjamzito?

Kinachochangamsha mwili ni kafeini, ile ile iliyomo katika chai na kahawa. Aghalabu kopo la mililita 250 huwa na kafeini ipatayo miligramu 80, na sukari ipatayo gramu 27, yaani zaidi ya vijiko sita vya chai. Kafeini hailishi mwili. Huuzuia ubongo kuhisi uchovu kwa muda, ilhali chanzo cha uchovu hubaki palepale.

Kuhusu kizazi, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kafeini ya kiasi humfanya mwanamke kuwa mgumba. Si haki, basi, mwanamke aliyechelewa kushika mimba alaumiwe kwa sababu ya chupa alizokunywa. Sababu zinazojulikana ni pamoja na kuziba kwa mirija ya uzazi kutokana na magonjwa ya ngono yasiyotibiwa, matatizo ya upevukaji wa mayai, na upungufu wa mbegu kwa mwanamume. Wenza waliotafuta mtoto kwa miezi 12 bila mafanikio waende kupimwa wote wawili. Hata hivyo, sukari nyingi ya kila siku huchangia unene, na unene uliokithiri huweza kuvuruga hedhi.

Kwa mjamzito, tahadhari ni kubwa zaidi. Kafeini hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye mwili wake bado hauna uwezo wa kuivunjavunja. Mwili wa mama nao huiondoa polepole zaidi kadiri mimba inavyokua. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya mtoto kuzaliwa na uzito pungufu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha chini zaidi, miligramu 200.

Viwango hivyo hufikiwa upesi. Chupa mbili za mililita 300, kila moja ikiwa na miligramu 90, hutoa miligramu 180. Vikombe viwili vya chai ya rangi huweza kuongeza nyingine 80 hadi 100. Ndiyo maana inafaa kusoma lebo kabla ya kununua, na kuhesabu vyote vinavyonywewa kwa siku.

Lililo zito zaidi ni kwamba uchovu wa mjamzito huweza kuwa dalili ya upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na tatizo hilo. Upungufu mkubwa wa damu huhatarisha maisha ya mama wakati wa kujifungua, hasa akivuja damu. Anayeutuliza uchovu huo kwa kopo huchelewa kupata tiba.

Mjamzito anashauriwa kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, apimwe wingi wa damu, na kumeza vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kama atakavyoelekezwa. Aliyezoea vinywaji hivi apunguze hatua kwa hatua, kwani kuacha ghafla huweza kuleta maumivu ya kichwa. Maji safi, uji wa lishe na usingizi wa kutosha vitamfaa zaidi. Na familia impunguzie kazi nzito, kwa kuwa mapumziko hayauzwi dukani.