Kuandaa kurasa za kitabu kabla ya kupigwa chapa

Swali: Mwandishi wa Nakuru anayejichapishia riwaya aipange vipi faili yake kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa?

Jibu: Ukubwa wa ukurasa ndio huamuliwa kwanza, kwani kuubadilisha baadaye huvuruga mistari yote. Riwaya nyingi hutoshea A5, yaani milimita 148 kwa 210. Pambizo ya ndani huwa pana kuliko ya nje, maana gundi ya mgongo humeza sehemu ya karatasi; milimita 20 zinatosha.

Jalada ndilo huwaponza wengi. Rangi au picha inayofika ukingoni huongezwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikiteleza kidogo pasibaki mstari mweupe. Picha ya heroe wa Ziwa Nakuru iliyopokelewa kwa WhatsApp huweza kupendeza kwenye simu, lakini ikachapwa ikiwa na ukungu: jalada la A5 huhitaji nukta zipatazo 1,750 kwa upana, na WhatsApp kwa kawaida hupunguza picha. Itumike picha asili kutoka kwenye kamera.

Upana wa mgongo hutegemea karatasi. Kurasa 200 ni karatasi 100. Zikiwa za gramu 80, mgongo hukaribia milimita 10. Hivyo jalada humaliziwa baada ya idadi ya kurasa kujulikana. Nambari ya ISBN nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, nayo iombwe mapema.

Faili hupelekwa ikiwa PDF, fonti zikiwa ndani yake. Nakala moja ya majaribio ichapwe na kusomwa kabla ya malipo ya mwisho.