Kufundisha Ugomvi wa Walowezi wa Amerika na Serikali ya Uingereza, 1754–1776

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa kumsikiliza mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa chimbuko la taifa la Marekani. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na ramani aliyoichora ilivutia. Akaandika ubaoni ya kwamba wakoloni waliwatoza Waamerika kodi, Waamerika wakakataa, wakapigana, wakapata uhuru wao. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akauliza: “Mwalimu, hao Waamerika walikuwa weusi kama sisi?” Mwanachuo akasema swali hilo litajibiwa baadaye. Kengele ililia kabla halijajibiwa, na naamini watoto wale walirudi makwao wakidhani kwamba habari waliyoisikia ni ile ile ya babu zao, ila imetokea ng’ambo.

Kosa la mwanachuo lilianzia katika neno moja. Katika Kiswahili chetu mkoloni ni mtawala aliyetoka mbali kuja kutawala watu wengine. Lakini wale waliogombana na serikali ya London hawakuwa wenyeji waliotawaliwa. Wengi wao walikuwa Waingereza, au watu wa asili ya Uskoti, Ireland na Ujerumani, ambao wao wenyewe au wazazi wao walivuka bahari na kukaa katika ardhi ya watu wengine. Neno linalowafaa ni walowezi. Yafaa basi mwalimu aandike ubaoni, kabla ya jambo lingine lolote, makundi manne: serikali ya Mfalme huko London, walowezi wa makoloni 13 ya pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, wenyeji wa asili wa nchi ile, na Waafrika waliofanywa watumwa, ambao kufikia mwaka 1760 walikuwa zaidi ya 300,000 katika wakazi wa makoloni waliokaribia 1,600,000. Makundi hayo yasifutwe mpaka kipindi kiishe.

Vita vyenyewe visichukue muda mrefu. Vilianza mwaka 1754 katika bonde la mto Ohio, ambalo Waingereza na Wafaransa wote walilitaka, na afisa kijana wa Virginia aitwaye George Washington alikuwa miongoni mwa waliopigana mwanzoni. Mwaka 1756 vikaenea Ulaya na bahari nyingi, ndiyo maana huitwa Vita vya Miaka Saba. (Mtoto mwenye kupenda hesabu atatambua kwamba huko Amerika ni miaka tisa, msifu, kisha endelea.) Waingereza waliuteka mji wa Quebec mwaka 1759 na Montreal mwaka 1760. Kwa mkataba uliotiwa sahihi Paris mwezi Februari 1763, Ufaransa iliiachia Uingereza Canada na madai yake ya nchi zilizo mashariki ya mto Mississippi, isipokuwa mji wa New Orleans.

Hapa ndipo somo linapoanza hasa. Walowezi walishangilia ushindi huo pamoja na Waingereza wa London, na wengi walijivunia kuwa raia wa Mfalme. Imekuwaje basi, miaka 12 tu baadaye, watu hao hao wakapigana risasi? Mwalimu asiharakishe kujibu. Aiandike hesabu ifuatayo, kisha awaache watoto waitazame.

Kabla ya vita, deni la serikali ya Uingereza lilikuwa kama pauni milioni 75. Vita vilipokwisha lilikuwa kama pauni milioni 130. Riba peke yake ilizidi pauni milioni 4 kwa mwaka, yaani kama nusu ya matumizi ya serikali wakati wa amani. Watoto wakitoa 75 katika 130 watapata gharama iliyoongezeka. Nao wataona wenyewe kwamba swali la pili haliepukiki: nani atalipa?

Ili swali hilo liingie moyoni, nimezoea kutumia mfano wa shamba. Baba amemjengea mwanawe uzio imara kuzuia nguruwe mwitu, na amekopa fedha kwa kazi hiyo. Nguruwe wameshindwa, wamekimbia. Sasa baba anamwambia mwana: “Deni ni kubwa, nami nimekwisha kuzeeka. Zaidi ya hayo nataka kuweka walinzi shambani kwako, nawe uchangie mshahara wao.” Mwana anajibu: “Baba, mimi nami nilikata miti na kuchimba mashimo. Na nguruwe wamekwisha, walinzi wa nini tena?” Gawa darasa katika pande mbili, upande mmoja useme maneno ya baba na wa pili ya mwana. Utashangaa jinsi watoto wanavyokaribia hoja zilizosemwa hasa katika miaka ile.

Mwalimu ana wajibu wa kumtendea baba haki. Vitabu vingi humfanya waziri mkuu George Grenville kuwa mtu mwovu, jambo ambalo si kweli. Alikuwa mtu wa hesabu aliyekabiliwa na deni. Waingereza wa kwao walikuwa wanalipa kodi ya stempu tangu mwaka 1694, na kodi mpya ya mwaka 1763 juu ya mvinyo wa matofaa ilisababisha ghasia katika Uingereza yenyewe. Serikali iliamua kuacha askari wapatao 10,000 katika Amerika, na fedha za kodi mpya zilikusudiwa kusaidia kuwalisha askari hao, si kulipa deni la zamani. London ililalamika pia kwamba wafanya biashara kadhaa wa makoloni waliendelea kufanya biashara na visiwa vya Wafaransa wakati vita vinaendelea. Malalamiko hayo yalikuwa ya kweli.

Mwana naye alikuwa na hoja. Makoloni yalikuwa yametoa askari wengi na kukopa fedha nyingi kwa ajili ya vita, ingawa Bunge lilirudisha sehemu ya gharama hizo. Maofisa wao walidharauliwa na maofisa wa jeshi la Mfalme. Washington mwenyewe alitafuta cheo katika jeshi hilo asikipate. Kila koloni lilikuwa na baraza lake lililochaguliwa, nalo ndilo lililozoea kukata kodi. Tena Mfaransa, ambaye hofu yake ndiyo iliyowafanya walowezi waihitaji London, alikuwa amekwisha kuondoka. Jambo hili la mwisho husahauliwa mara nyingi, nami naliona kuwa kubwa kuliko kodi yenyewe: ushindi ulikuwa umeondoa kilichowashikamanisha.

Sheria zilizofuata zielezwe kwa mpango wa miaka. Mwaka 1764 ushuru wa molasi, ile asali nzito inayobaki sukari inapotengenezwa, ulipunguzwa kutoka peni 6 hadi peni 3 kwa galoni. Watoto watauliza: kama ulipunguzwa, kwa nini watu walikasirika? Jibu ni kwamba ule wa zamani haukuwa ukikusanywa kwa dhati, na huu mpya ulikusudiwa kukusanywa kweli. Mwezi Machi 1765 ikapitishwa Sheria ya Stempu. Hapa pana mtego mwingine wa maneno, kwani mtoto husikia “stempu” akafikiri barua. Mweleze kwamba ilikuwa alama ya kuthibitisha kodi imelipwa, nayo ilitakiwa katika hati za mahakama, leseni, magazeti, hata karata za kuchezea. Iliwagusa mawakili, wenye magazeti na wenye vilabu vya pombe, yaani watu wenye kusema na kusikilizwa. Serikali haikuchagua vema adui zake.

Mwezi Oktoba 1765 wajumbe wa makoloni 9 walikutana New York. Walidai kwamba raia asitozwe kodi na Bunge ambalo hakumchagulia mjumbe. Wagawa stempu walitishwa mpaka wakajiuzulu, na walowezi wakagoma kununua bidhaa za Uingereza. Bunge liliifuta sheria hiyo mwezi Machi 1766, lakini siku hiyo hiyo likatangaza kwamba lina uwezo wa kuwatungia walowezi sheria katika kila jambo. Fedha zilirudi nyuma, kanuni ikabaki. Na ugomvi ukawa juu ya kanuni. Ushuru mpya wa mwaka 1767, watu watano waliouawa na askari Boston mwaka 1770, makasha 342 ya majani ya chai yaliyotupwa baharini mwezi Desemba 1773, na mapigano ya Lexington mwezi Aprili 1775, yote yaweza kuelezwa kwa upesi baada ya hapo.

Turudi sasa kwenye mfano wa shamba, maana haujakamilika. Waulize watoto: shamba la mwana lilikuwa la nani kwanza? Mwaka 1763 Pontiac, kiongozi wa kabila la Ottawa, na mataifa mengine ya wenyeji walishambulia ngome za Waingereza wakitetea nchi yao. Vita vingine vingemgharimu Mfalme fedha asizokuwa nazo, hivyo mwezi Oktoba mwaka ule alitangaza kwamba walowezi wasikae magharibi ya milima ya Appalachian. Walowezi walichukia tangazo hilo sana, maana nchi hizo ndizo walizozipigania; na Washington alikuwa mmoja wa waliotafuta ardhi kule. Kwa hiyo katika madai ya uhuru wao yalikuwamo pia madai ya kuingia katika ardhi ya watu wengine.

Na swali la mtoto yule lijibiwe hapa, kwa maneno mepesi. Walowezi waliodai uhuru walikuwa weupe, na wengi wa viongozi wao walikuwa na watumwa. Watu weusi walikuwamo pande zote mbili. Crispus Attucks, anayesadikiwa kuwa na damu ya Kiafrika na ya wenyeji, alikuwa mmoja wa wale watano wa Boston. Mwezi Novemba 1775 gavana wa Mfalme katika Virginia, Lord Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi lake, na mamia walimkimbilia. Mtoto mwenye kusikia hayo ataelewa kwa nini tangazo la tarehe 4 Julai 1776 halikuwa na maana moja kwa watu wote walioishi katika nchi ile.

Mwanafunzi hodari aweza kuuliza kama deni lililipwa. Waingereza walilikuza zaidi kwa kupigana vita vya kuwazuia walowezi. Wafaransa nao, wakitaka kulipiza kisasi cha mwaka 1763, waliwasaidia walowezi kwa fedha, silaha na manowari, wakajitia katika deni ambalo liliwalazimu kuitisha baraza la taifa Versailles mwezi Mei 1789. Hilo ni somo la juma lingine, wala usijaribu kuliingiza katika kipindi cha dakika 40.