MAWAZO YASIYOKWISHA: UTAYAJUAJE, NA UFANYE NINI?

Somo la leo ni msongo wa mawazo, hasa ule unaokaa na mtu miezi mingi mpaka anauzoea. Chukua daftari, twende pamoja.

MSONGO NI NINI?

Fikiria umekutana na tembo ukitoka shambani. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, misuli inakaza. Mwili wako umetoa kemikali iitwayo adrenalini ili upate nguvu za kukimbia. Ukishafika salama, moyo unatulia. Huo ni msongo wa muda mfupi, nao una faida. Hata woga kidogo kabla ya mtihani hukufanya ufungue daftari.

Lakini je, kama jambo linalokutisha lipo asubuhi, lipo mchana, lipo usiku, wiki hadi wiki? Mwili unabaki tayari kwa mbio zisizoanza. Kemikali nyingine, kotisoli, inaweza kuvurugika. Hapo usingizi unaharibika, kumbukumbu inapungua, na kinga ya mwili inaweza kushuka.

CHUKUA MFANO HUU

Msichana yuko kidato cha pili. Mwezi wa sita anasikia wakubwa wakisema kwamba mwaka huu ni mwaka wa kukeketa. Huku kwetu msimu huwa Novemba na Desemba, shule zikifungwa, na kwa koo nyingi za Wakurya ni ile miaka inayogawanyika kwa mbili. Kisimani wenzake wanamwita "msagane". Nyumbani anasikia hesabu za ng'ombe wa mahari. Toka Juni mpaka Desemba ni miezi sita ya kuhesabu siku! Alama zinashuka. Mwalimu anasema mvivu, jirani anasema karogwa. Hakuna aliyemuuliza: mwanangu, unaogopa nini?

Na woga wake una sababu. Ukeketaji huleta kutokwa na damu nyingi, maambukizi, na matatizo wakati wa kujifungua. Wapo waliokufa. Lakini asikie na hili: utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 28. Yaani karibu 7 kati ya 10 hawakukeketwa. Anayekataa hayuko peke yake.

Kaka naye ana mzigo wake. Mara nyingi ng'ombe wa dada ndio wanaotegemewa kumwolea kaka. Anampenda dada yake, anataka naye aoe, na anaambiwa mwanaume halii. Anayameza yote, kisha unamkuta kwenye gongo.

JIPIME

Kwa wiki mbili au zaidi, je:
- unachelewa kupata usingizi, au unashtuka usiku?
- kichwa au tumbo linauma mara kwa mara?
- unasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kinachoingia?
- unafoka kwa jambo dogo, au unajitenga na wenzako?
- hamu ya kula imepungua, au siku zako za hedhi zimevurugika?

Kama ni ndiyo mbili tatu, usipuuze. Anza zahanati ukapime, maana malaria na upungufu wa damu navyo huchosha na kuumiza kichwa. Ukikutwa huna ugonjwa, usiishie hapo. Mwambie mganga ukweli wa mawazo yako.

UFANYE NINI?

1. Litaje. Andika au sema kwa sauti: "Ninaogopa hiki." Woga usio na jina ni mgumu kuupangia.

2. Tuliza mwili. Vuta pumzi taratibu kwa puani, itoe polepole zaidi kwa mdomo, mara kumi. Cheza mpira, tembea, lala mapema. Hayo hayaondoi tatizo, lakini yanakupa kichwa cha kufikiria. Pombe na bangi huazima utulivu leo, kesho unaulipa na riba.

3. Tafuta mtu mzima mmoja: bibi, mjomba, mwalimu, mchungaji, muuguzi. Wa kwanza asipokuelewa, nenda kwa wa pili.

4. Panga mapema. Usingoje ngoma zianze ndipo ufikirie pa kwenda. Piga simu namba 116 ya kusaidia watoto, ni bure. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Masanga wilayani Tarime, na Mugumu wilayani Serengeti tangu 2014, kumekuwa na nyumba za kuwapokea wasichana wanaokimbia kisu.

5. Jua sheria. Tangu 1998, mzazi au mlezi anayesababisha msichana wa chini ya miaka 18 akeketwe anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili.

Na kama mawazo yanakupeleka kwenye kutaka kufa, usibaki peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mtu, mkaende kituo cha afya. Kama ni rafiki ndiye aliyekuambia hivyo, hiyo si siri ya kutunza.

MJADILI DARASANI

1. Ni maneno gani ya hapa kwetu yanayomwongezea mwenzetu mzigo? Nani ataanza kuyaacha?
2. Kaka, unaweza kumwambia nini baba ili dada asikeketwe?
3. Kila mmoja aandike jina la mtu mzima anayeweza kumwendea. Ambaye hana jina la kuandika, tumsaidie kumpata kabla shule haijafungwa.