Picha Imegoma Kuonekana? Fuata Anwani Yake

Mteja wangu mmoja anauza mikoba ya ukili. Tulipiga picha mikoba 12, nikaipanga kwenye ukurasa, na kwenye laptopu yangu yote ilikaa kama imeanikwa barazani. Ijumaa jioni nikaipandisha tovuti kwenye seva. Haikupita nusu saa simu ikaita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba harakaharaka, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona naona mikoba mitatu tu? Mingine imekuwa vijikaratasi vilivyochanika."

Picha zote 12 zilikuwa kwenye seva, nzima. Kilichokosewa ni anwani za zile tisa. Ndivyo mambo yanavyokuwa mara nyingi, kwa hiyo nakuomba usianze kwa kupakia picha upya. Nimeona watu wakimaliza bando zima kupakia tena na tena faili ambalo halijawahi kupotea.

1. Anza kwa kukiuliza kivinjari

Kwa kawaida ukurasa wa wavuti haubebi picha ndani yake. Tangu Marc Andreessen alipopendekeza tagi ya img mwezi Februari 1993, kinachoandikwa kwenye ukurasa ni anwani tu, na kivinjari ndicho kinachokwenda kuichukua picha huko kilikoelekezwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kimekwenda wapi?

Kwenye kompyuta bonyeza F12, fungua kichupo cha Network, kisha pakia ukurasa upya. Mistari iliyoshindikana itaonekana kwa rangi nyekundu. Bonyeza mmoja, nakili anwani yote, uibandike pembeni. Halafu nenda kwenye seva, nakili jina halisi la faili, ulibandike chini yake. Sasa linganisha herufi kwa herufi, na ikibidi tumia kidole. Usisome kwa mazoea, kwa sababu jicho hukusomea ulichokusudia kuandika, si kilichoandikwa.

2. Soma namba ya jibu

Pembeni ya mstari huo pana namba. 404 maana yake seva imetafuta na haikuona kitu chenye jina hilo mahali hapo. Rudi kwenye anwani. 403 ni habari nyingine: seva imekataa kukupa. Mara nyingi ni ruhusa za faili, na kwa kawaida mafaili ya picha huwekwa 644 na folda 755.

Kuna jibu linalowachosha watu zaidi kuliko haya mawili, nalo ni 200. Seva inasema kila kitu ni sawa, lakini picha haipo. Tazama aina ya kilicholetwa. Ukikuta text/html, ujue seva imepangwa kurudisha ukurasa wa mwanzo kila isipopata kitu, na kivinjari kimeletewa maandishi pale kilipotaka picha. Hapo 200 hiyo ni 404 iliyovaa nguo za kuazima.

3. Herufi kubwa si herufi ndogo

Kwenye Windows, Mkoba-Mwekundu.JPG na mkoba-mwekundu.jpg ni faili lilelile. Mac nazo, kwa mpangilio zinaotoka nao dukani, ni hivyohivyo. Lakini seva nyingi zinatumia Linux, na kwa Linux hayo ni majina mawili ya vitu viwili tofauti. Ndiyo maana ukurasa unang'aa kwenye laptopu yako na kuharibika ukifika hewani.

Katika zile tisa, sita ziliangushwa na hili. Kamera iliandika .JPG kwa herufi kubwa, mimi nikaandika .jpg kwenye ukurasa, na laptopu yangu ikanyamaza kwa wiki mbili nzima. Tangu siku hiyo kila picha ninayopokea huibadilisha jina kabla ya kuigusa: herufi ndogo tupu, kistari kati ya maneno, basi. Na kama unatumia Git kwenye Windows au Mac, angalia sana, maana ukibadilisha herufi kubwa kuwa ndogo tu, huenda Git isione kwamba jina limebadilika. Tumia amri ya git mv ili badiliko liandikwe.

4. Majina yanayotoka WhatsApp

Huku kwetu picha za biashara hupita WhatsApp kwanza. Ukiipakua kupitia kompyuta, picha inakuja na jina kama WhatsApp Image 2024-05-03 at 10.15.22.jpeg. Lihesabu: lina nafasi nne, nukta tatu, na mwisho wake ni .jpeg, si .jpg. Picha nyingine mbili za mama wa mikoba zilikwama hapo, kwa sababu ya ile e moja ambayo sikuiandika.

Nafasi zenyewe zina tabia ya kuvumilika na kisha kukugeuka. Ndani ya src, yaani sehemu ya tagi ya img inayobeba anwani, kivinjari huzigeuza kuwa %20 na safari ikaendelea. Ndani ya srcset, inayoorodhesha anwani za picha ileile kwa ukubwa mbalimbali, nafasi ndiyo inayotenganisha anwani na ukubwa wa picha, kwa hiyo jina linakatwa katikati. Ndani ya url() ya CSS isiyo na alama za kunukuu, mstari wote unatupwa. Picha za skrini za Mac za matoleo ya karibuni zina jambo jingine: ile nafasi iliyo kabla ya AM au PM si nafasi ya kawaida ya kibodi, ni nyembamba zaidi, na ukiiandika kwa mkono huipati kamwe. Badilisha jina, uokoe muda.

Picha ya tisa iliitwa mkoba#3.jpg. Alama ya # kwenye anwani humwambia msomaji wa anwani kwamba jina la faili limeishia hapo, kwa hiyo kivinjari kiliomba "mkoba" peke yake na kuambiwa hakipo. Alama ya asilimia nayo ina maana yake maalumu kwenye anwani, kama ulivyoiona kwenye %20: punguzo-50%.jpg ni jina zuri la tangazo na ni jina baya la faili.

5. Mkia wa jina unaweza kukudanganya

Windows huficha kiendelezi, yaani zile herufi za mwisho baada ya nukta. Mtu anaona "nembo", anaongeza .jpg, na sasa ana nembo.jpg.jpg bila kujua. Washa mpangilio wa kuonyesha viendelezi leo.

Simu za iPhone nazo, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, zinaweza kuhifadhi picha kwa aina ya HEIC, ambayo vivinjari vingi havifungui. Kubadilisha mkia kuwa .jpg hakubadilishi kilichomo. Lazima picha yenyewe igeuzwe kwa programu ya picha na kuhifadhiwa upya.

6. Safari inaanzia wapi?

Hapa ndipo wanaoanza wanapoteseka zaidi, na hawastahili, kwa sababu kanuni ni chache sana.

Ukiandika picha/mkoba.jpg, unamwelekeza mtu kutoka pale aliposimama. Kwenye ukurasa wa mwanzo hiyo ni sahihi. Lakini nakili mstari huohuo kwenye ukurasa ulio ndani ya folda ya bidhaa, na kivinjari kitatafuta bidhaa/picha/mkoba.jpg, mahali ambapo hapajawahi kuwepo. Ili kutoka nje ya folda kwanza, andika nukta mbili na mkwaju: ../picha/mkoba.jpg.

Ukianza na mkwaju, /picha/mkoba.jpg, unasema: anza mlangoni, kwenye mzizi wa tovuti. Hii inafanya kazi kutoka ukurasa wowote, nami naipenda kwa tovuti ndogo. Ina masharti mawili. Kwanza, tovuti yako ikikaa ndani ya folda, kama miradi mingi ya GitHub Pages inavyokaa, mzizi si wako; anwani itaruka folda ya mradi na kwenda nje. Pili, ukifungua ukurasa kwa kubonyeza faili mara mbili kwenye kompyuta, mzizi unakuwa diski yenyewe, na picha zote zitatoweka ingawa hujakosea kitu. Kama una Python, fungua folda ya tovuti kwenye dirisha la amri, andika python3 -m http.server, kisha tazama kupitia localhost:8000. Utaona tovuti karibu kama seva itakavyoiona.

Na kwenye CSS, safari inaanzia lilipo faili la CSS, si ulipo ukurasa. Kama mtindo wako uko css/mtindo.css na picha ziko folda ya picha, andika ../picha/mandhari.jpg. Watu hunakili anwani kutoka kwenye HTML na kuishangaa.

7. Anwani inayoanza na C: ni ya nyumbani kwako

C:\Users\... au file:/// ni njia ya ndani ya kompyuta yako. Wewe utaiona picha ukifungua faili la ukurasa kwenye kompyuta hiyohiyo. Dunia nzima haitaiona. Ikiwa wewe peke yako ndiye unayeiona, anza kutafuta hapa.

8. Tovuti imehama, picha zimebaki

Fundi hujenga tovuti ya WordPress kwenye anwani ya muda, kisha huihamishia kwenye jina halisi. Picha zinaonekana, malipo yanamaliziwa, kila mtu anafurahi. Baada ya muda ile anwani ya awali inafungwa na picha zote zinaanguka siku moja. Kumbe kurasa zilikuwa bado zinachukua picha kule kwenye anwani ya zamani, kwa sababu WordPress huandika anwani nzima ndani ya hifadhidata.

Dawa ni kubadilisha anwani zote kwa mpigo, lakini usifanye hivyo kwa kutafuta na kubadilisha moja kwa moja kwenye hifadhidata. Baadhi ya mipangilio huhifadhiwa pamoja na urefu wa kila neno, na jina jipya lenye urefu tofauti huivuruga. Chukua nakala rudufu, kisha tumia wp search-replace ya WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa amri; yenyewe hurekebisha na urefu huo. Ukiwa hapohapo, hakikisha anwani mpya zinaanza na https. Picha ya http kwenye ukurasa wa https inaweza kuzuiwa.

9. Kompyutani ipo, simuni haipo

Usiseme "kwangu inaonekana" kabla hujaifungua kwenye simu. WordPress hutengeneza nakala za kila picha kwa ukubwa mbalimbali, kwa mfano mkoba-300x225.jpg, na kupitia srcset simu inaweza kuchagua iliyo ndogo. Ukihamisha picha kubwa tu na kuziacha ndogo, kompyuta itaridhika na simu itapata 404. Na kwa biashara kama ya mama wa mikoba, wateja karibu wote wako kwenye simu.

Kinyume chake pia hutokea: umesharekebisha lakini bado unaona kosa, kwa sababu kivinjari kinakuonyesha nakala kiliyoihifadhi jana. Bonyeza Ctrl+Shift+R, au fungua dirisha la faragha.

10. Andika alt kana kwamba picha haitafika

Maneno ya alt, yanayoandikwa ndani ya tagi ya img, ndiyo yanayojitokeza picha ikikwama, na ndiyo yanayosomwa kwa sauti na programu ya msomaji asiyeona. "Picha1" haimsaidii yeyote. Siku ile ya Ijumaa sikuwa nimeandika alt kabisa, kwa hiyo mnunuzi aliyeingia hakujua hata kilichokuwa kinauzwa. Jumamosi asubuhi, baada ya kubadilisha majina ya mafaili tisa, nilikaa na mwenye mikoba barazani kwake, yeye akiisema mmojammoja na mimi nikiandika: mkoba wa ukili wenye mistari myekundu na myeusi, mpini wa ngozi, unabeba kilo tano za mchele.