Usugu wa Bakteria: Funzo la Kipindupindu cha 1977

Mnamo Oktoba 1977 mlipuko wa nne wa kipindupindu ulianza nchini Tanzania. Katika mwezi wa kwanza, bakteria wa ugonjwa huo waliopimwa katika maabara walishindwa wote na dawa ya tetrasaiklini. Dawa hiyo ikatumiwa kwa wingi, si kwa kuwatibu wagonjwa tu, bali pia kwa kuwakinga watu wenye afya. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu: tetrasaiklini haikuwadhuru tena. Habari hizo zilitolewa na F. S. Mhalu na wenzake katika jarida la Lancet mwaka 1979.

Dawa haikuchakaa katika miezi hiyo. Kilichobadilika ni jamii ya bakteria wenyewe. Yafaa tuchunguze mabadiliko hayo hutokeaje.

Chanzo cha usugu

Bakteria ni kiumbe wa seli moja, naye huzaana kwa kujigawa. Wako ambao, wakipata chakula na joto la kutosha, hujigawa kila baada ya dakika 20. Kwa mwendo huo, bakteria mmoja huzaa zaidi ya milioni 1,000 katika saa 10. Kila mara kabla ya kujigawa, bakteria hunakili jeni zake, yaani maagizo ya urithi. Katika kunakili huko hutokea makosa machache. Aghalabu makosa hayo hayana faida. Lakini kwa nadra sana kosa moja humwezesha bakteria kustahimili dawa fulani.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ndiyo inayowafundisha bakteria usugu. Mwaka 1952, Joshua na Esther Lederberg wa Marekani walionyesha kuwa sivyo. Walikigandamiza kitambaa cha mahameli juu ya sahani iliyoota bakteria, kisha wakakigandamiza juu ya sahani nyingine zilizotiwa dawa ya streptomaisini. Mahali bakteria walipoota penye dawa palionyesha mahali pa kuwatafuta ndugu zao katika sahani ya kwanza, isiyokuwa na dawa. Kwa kurudia kazi hiyo, waliwapata bakteria sugu ambao hawajapata kuguswa na dawa kamwe.

Kwa hiyo dawa hufanya kazi ya chekeche. Chekeche haiumbi chenga, bali hutenganisha chenga na unga. Vivyo hivyo, dawa huwaondoa bakteria dhaifu, na wale wachache walio sugu hubaki peke yao, wakiwa na nafasi na chakula tele cha kuzaana.

Jinsi usugu unavyoenea

Lau usugu ungerithiwa na wazao tu, ungeenea polepole. Katika miaka ya 1950, madaktari wa Japani waliwaona bakteria wa kuhara damu waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa wakati mmoja. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba makosa yote hayo yametokea kwa bahati ndani ya kiumbe mmoja. Mwaka 1959 wanasayansi wa nchi hiyo walithibitisha kuwa usugu huo hupitishwa kutoka kwa bakteria wa kawaida wa utumbo, *Escherichia coli*, hadi kwa wale wa kuhara damu, pindi wanapogusana.

Kinachopitishwa ni plasmidi, kipete kidogo cha jeni kilicho kando ya jeni kuu. Plasmidi moja yaweza kubeba usugu wa dawa nyingi. Jeni moja huagiza kimeng'enya cha kuivunja dawa. Nyingine, pampu ya kuitoa nje ya seli. Bakteria anayetoa plasmidi hapotezi chochote, kwani hubaki na nakala yake. Ndiyo sababu mtu mwenye afya anayemeza dawa asiyoihitaji hufanya utumbo wake kuwa ghala la usugu, ambamo bakteria wasio na madhara huweza kuwapa silaha wale waletao maradhi.

Kinga isiyozaa usugu

Kipindupindu huua kwa kumkausha mgonjwa maji na chumvi za mwili. Tiba yake kuu ni kuvirudisha: kwa kumnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, au kwa kumtia maji mshipani akiwa hoi. Hakuna bakteria awezaye kuwa sugu kwa tiba hiyo, wala kwa maji safi na vyoo vinavyozuia ugonjwa usienee. Dawa za kushinda bakteria ni msaada wa kufupisha kuhara, hasa kwa aliyeishiwa sana na maji. Shirika la Afya Duniani halishauri kuzigawa kwa umma mzima.

Basi kila dozi ina gharama isiyoandikwa kwenye chupa. Anayeimeza bila haja, au bila kufuata maagizo ya mganga, huchekecha bakteria kwa niaba ya jirani zake. Na mgonjwa atakayekuja baadaye ndiye atakayekuta dawa haina nguvu.