Kusikiliza Kabla ya Kushauri
Somo kwa wote wanaojiwa na watu wenye huzuni

Mwenye jeraha la mguu huunyosha mguu wake, na mganga hulitazama jeraha. Lakini mwenye jeraha la moyo ataonyesha nini? Hana ila maneno, tena mara nyingi maneno yake ya kwanza siyo yaliyobeba maumivu. Basi leo tujifunze habari za mtu aliyefanya kazi ya kuponya nafsi kwa mazungumzo, tuone aliamini nini, na imani hiyo ilimwongozaje katika kazi.

Mtu huyo ni Carl Rogers wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1902. Kwanza alisomea kilimo. Kisha, mwaka 1924, akaingia chuo cha wachungaji mjini New York. Baada ya miaka miwili alikiacha, akaifuata elimu ya nafsi. Tangu mwaka 1928 alikaa Rochester miaka 12, akiwasaidia watoto wenye taabu pamoja na wazazi wao.

Huko alifundishwa na mama mmoja aliyekuwa na mwana mkorofi sana. Rogers aliona upesi kwamba shina la mambo ni mama mwenyewe, kwa kuwa hakumkubali mtoto wake tangu utoto. Akajaribu mara nyingi kumwonyesha neno hili kwa upole, asifaulu. Mwisho akamwambia kwamba wote wawili wamejitahidi bure, afadhali waache. Mama akakubali, wakaagana, akaenda mpaka mlangoni. Ndipo akageuka, akauliza kama watu wazima nao hupokewa mahali pale. Alipojibiwa kwamba hupokewa, akarudi kuketi, akayamwaga mashaka ya ndoa yake, mambo yasiyofanana kabisa na yale aliyoyasimulia kwanza. Hapo ndipo msaada wa kweli ulipoanza, nao ukafaulu.

Wazee wetu wamesema, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rogers alijifunza neno hilohilo: mwenye maumivu ndiye ajuaye yanapouma. Kwa hiyo aliyashika mambo manne.

1. Nguvu ya kukua. Alipokuwa kijana aliviona viazi vilivyowekwa akiba katika chumba cha chini ya nyumba wakati wa baridi. Havikuwa na udongo wala maji, lakini vilichipuka machipukizi meupe, dhaifu, yakiuelekea mwanga mdogo wa dirisha. Akasema kwamba mtu aliyeharibikiwa naye ni vivyo hivyo: hata katika upotovu wake anatafuta mwanga. Kazi ya msaidizi si kumvuta, bali kumfungulia dirisha.

2. Kweli. Msaidizi asivae uso wa bandia. Akijifanya mpole huku moyoni amechoka au amechukizwa, yule mwingine ataitambua hila.

3. Heshima isiyo na masharti. Mtu apokewe kama alivyo. Hii si kusema kwamba kila alilotenda ni jema. Ni kusema kwamba yeye mwenyewe hatupwi kwa ajili ya tendo lake.

4. Kufahamu. Msaidizi aingie katika hali ya mwenziwe kana kwamba ni yake, lakini asisahau kwamba si yake. Anayezama pamoja na mwenye kuzama hamwokoi.

Mwaka 1957 Rogers aliandika kwamba ile kweli, heshima na kufahamu, vikidumu katika mazungumzo na mwenye shida akiviona, vyatosha kumbadili mtu. Wataalamu wengine walimpinga, wakisema kwamba vyafaa sana, ila peke yake havitoshi kila mara. Nasi tukumbuke kwamba mtu anayetaka kujiua, au aliyerukwa na akili, apelekwe upesi kwa waganga wa hospitali, wala asiachwe peke yake njiani.

Sasa tujitazame wenyewe. Mjane anakuja kuuliza habari za mpaka wa shamba. Twamjibu habari za mpaka, tena vizuri, naye anashukuru na kuondoka. Kumbe mpaka ulikuwa mlango tu, na huzuni yake anarudi nayo nyumbani kama alivyokuja nayo. Alisimama kidogo kabla ya kuaga. Sisi tulikuwa tumekwisha kuinuka. Ndugu, neno kubwa hutoka mara nyingi mlangoni. Usiwe na haraka ya kusimama. Na alilokuambia lifiche, maana siri ikifika kisimani, mlango ule hautafunguliwa tena, wala na yeye wala na wengine walioona.

Maswali ya kujiuliza:

1. Mtu wa mwisho aliyekujia na shida, alisema kwa muda gani kabla hujaanza kumjibu?

2. Je, yuko mtu ambaye umemwacha kwa sababu ya tendo lake?

3. Je, waweza kukaa kimya na mwenye kulia, bila kumnyamazisha?