VITABU VYA SAYANSI KIDATO CHA 5 NA 6: NAMNA YA KUCHAGUA MZIGO USIDODE

Leo tuongee na wenye maduka ya steshenari, hasa nyie mlio karibu na shule za kidato cha tano na sita zenye masomo ya sayansi. Mzigo huu unalipa ukiupatia, na unalaza mtaji ukiukosea. Kitabu cha sayansi cha advansi sio daftari. Daftari asiponunua huyu, atanunua yule. Kitabu cha Fizikia kisipowafaa wanafunzi wa shule ya jirani, hapo mtaani hakimfai mtu mwingine. Kitakaa kwenye shelfu mpaka jalada lipauke.

Angalia hesabu. Tuseme umenunua vitabu 10 kwa sh. 25,000 kila kimoja, umetoa 250,000. Unauza 30,000. Vikienda 6, umepata 180,000. Kwa macho unaona umeuza zaidi ya nusu, lakini hela yako 70,000 bado imelala, nauli ya mzigo hujaihesabu, na faida hujaiona bado. Vitabu 4 tu vilivyododa vimekula kazi ya vile 6.

Upande wa pili yupo mzazi. Ameuza mahindi au amekopa kwenye kikundi ili mtoto apate kitabu. Ukimpa kisichoendana na anachosoma, yeye hana hela ya kununua kingine, na mtoto ana miaka miwili tu kabla ya mtihani. Mzazi huyo harudi kwako, na wenzake atawaambia.

Kwa hiyo somo la leo ni moja: USIANZE NA KITABU. Anza na tahasusi, fuata muhtasari, kitabu kije mwisho. Twende hatua kwa hatua.

1. JUA TAHASUSI ZA SHULE ILIYO KARIBU NAWE

Wengi tunazijua zile za siku zote: PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati). Lakini mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi zikafika 65, kwa hiyo usikariri. Shule moja inaweza kuwa na PCB na CBG tu, haina PCM kabisa. Hapo ukijaza vitabu vya Hisabati ya Juu umejimaliza, maana wanafunzi wa PCB na CBG wanasoma ile hisabati fupi inayoitwa BAM. Vitabu vyake ni tofauti.

Idadi utaipata wapi? Kila mwaka TAMISEMI wanapotoa majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, orodha inaonyesha mwanafunzi, shule na tahasusi. Iko wazi mtandaoni. Kaa nayo, hesabu PCM wangapi, PCB wangapi. Pia tafuta fomu ya kujiunga na shule hiyo. Ndiyo karatasi ambayo mzazi atakuja nayo mkononi, na mara nyingi imetaja vitabu na vifaa ambavyo shule inataka. Ukiwa nayo kabla yake, unaagiza kitu ambacho unajua kitaulizwa.

Halafu usiagize kwa idadi yote. Wengine watarithi vitabu vya kaka na dada zao, wengine watatumia vya maktaba ya shule, wengine watachangia watatu kitabu kimoja. Shule ikiwa na PCB 60, anza na vitabu 8 au 10 vya kila somo. Vikiisha, ongeza. Kuongeza mzigo ni rahisi kuliko kuusukuma ulioshindikana.

2. PATA MUHTASARI WA SOMO

Muhtasari ndio unaosema mwanafunzi atafundishwa mada gani. Kwetu unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Baada ya mtaala ulioboreshwa wa 2023 mihtasari mipya imetoka, kwa hiyo kitabu kilichokuwa kinagombaniwa miaka mitano iliyopita sio lazima kiwe na soko leo.

Nenda shuleni kistaarabu. "Shikamoo mwalimu, nina duka la vifaa vya shule hapo chini. Naomba kujua muhtasari mnaotumia na vitabu mnavyowaelekeza wanafunzi." Walimu wengi watakusaidia, maana na wao wanachoka kuona wanafunzi wakija na vitabu visivyoendana na somo. Muulize kila mwalimu wa somo, sio mmoja kwa niaba ya wote. Wa Kemia hajui sana mambo ya Biolojia.

3. GAWA VITABU KWENYE MAKUNDI MATATU

Kundi la kwanza ni vitabu vya kiada vya TET. Hivi vimeandikwa kwa kufuata muhtasari wetu. Viwe ndio msingi wa shelfu yako. Ila kumbuka TET wana maktaba mtandao ambako vitabu vyao vinasomeka, na shule za serikali zinapelekewa nakala. Kwa hiyo usijaze sana.

Kundi la pili ni vitabu vya ziada kutoka nje. Wanafunzi wa advansi wanavijua kwa majina ya waandishi: Nelkon na Parker, au Roger Muncaster kwa Fizikia, Ramsden kwa Kemia, Biological Science cha Taylor, Green na Stout kwa Biolojia, Backhouse kwa Hisabati. Ni vizuri kwa maelezo ya kina na mazoezi. Lakini viliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Uingereza. Mfano, muhtasari wetu wa Kemia kwa miaka mingi umekuwa na mada ya kemia ya udongo. Usitegemee kitabu cha Uingereza kimpe mwanafunzi mada hiyo yote. Mteja mwambie ukweli: "Hiki ni cha kuongezea, hakitoshi peke yake." Ukweli huo unauza zaidi kuliko maneno matamu.

Kundi la tatu ni vitabu vya maswali na majibu ya mitihani iliyopita. Hivi vinatoka haraka na ndivyo vyenye hatari kubwa, maana ubora unapishana sana.

4. PIMA KITABU KWA DAKIKA KUMI KABLA YA KULIPA

Sio lazima uwe umesoma sayansi. Fanya hivi:

- Weka orodha ya yaliyomo pembeni ya muhtasari. Weka alama ya vema kwa kila mada iliyopo. Kati ya mada 10 ikipatikana 5, hicho sio kitabu kikuu, hata kama ni kinene.
- Angalia mwaka wa chapa na kama kuna maandishi ya ithibati ya wizara.
- Kwa kitabu cha Kemia chenye majibu, chagua mlinganyo mmoja uhesabu atomu. Mfano, ethanoli ikiungua: C2H5OH + 3O2 → 2CO2 + 3H2O. Kushoto kaboni 2, hidrojeni 6, oksijeni 7. Kulia kaboni 2, hidrojeni 6, oksijeni 7. Imekaa sawa. Ukipima milinganyo mitano na miwili haijakaa sawa, rudisha kitabu.
- Fungua michoro ya Biolojia na Fizikia. Kama mishale na majina hayasomeki, mwanafunzi atajifunza nini hapo?
- Kagua mfuatano wa kurasa na gundi ya mgongo. Kitabu kinachoachia kurasa wiki ya kwanza kitarudishwa dukani kwako, sio kwa aliyekichapa.

Kama una mashaka na majibu, nunua kimoja tu, mpelekee mwalimu akipitie. Gharama ya kitabu kimoja ni ndogo kuliko ya kumi.

5. VIFAA VINAVYOKWENDA PAMOJA NA VITABU

Hapa ndipo hela ya kila siku ilipo. Kaunta buku, karatasi za grafu, mkebe wa hisabati, penseli za kuchorea michoro ya Biolojia, koti jeupe la maabara, na kikokotoo cha kisayansi.

Kikokotoo kiangalie vizuri. NECTA wanaruhusu kile kisichoingizwa programu. Kijaribu mbele ya mteja: bonyeza sin 30. Jibu likija 0.5, kiko kwenye digrii na kinafanya kazi. Likija -0.988, sio kibovu, kimewekwa kwenye radiani. Mwonyeshe namna ya kubadilisha. Ukijua hili tu, umeokoa vikokotoo vingi kurudishwa kwa sababu "kinadanganya".

6. FUATA KALENDA

Kidato cha tano wanaripoti mwezi wa saba. Vitabu vya kiada, makoti na vikokotoo viwe dukani kabla yao. Kidato cha sita wanafanya mtihani wa taifa mwezi wa tano, kwa hiyo kuanzia mwezi wa kwanza wanatafuta maswali na majibu na karatasi za grafu. Ukileta vitabu vya mitihani mwezi wa nne mwishoni umechelewa, watakuwa wanafunga mizigo.

Na mteja asiye na hela usimwache aondoke hivi hivi. Mwambie kuwa NECTA wameweka kwenye tovuti yao mitihani ya nyuma pamoja na ripoti zinazoeleza watahiniwa walikosea wapi, bure. Anayeelekezwa kwa wema leo, kesho anakuja kununua kikokotoo.

7. USITOE KOPI KITABU KIZIMA

Najua inashawishi. Mashine ipo, karatasi ipo, mteja anaomba. Lakini kudurufu kitabu kizima na kukiuza ni kosa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA wapo kwa kazi hiyo. Mashine ikichukuliwa, umepoteza na biashara ya kutoa kopi za vyeti na barua iliyokuwa inakulisha. Njia salama: wanafunzi watatu wachange kitabu kimoja halali. Waandikie risiti yenye majina yote matatu ili wasigombane baadaye.

KAZI YA WIKI HII

Chukua karatasi, chora safu nne: tahasusi, idadi ya wanafunzi, kitabu ambacho mwalimu amekitaja, idadi utakayoanza nayo. Ijaze kwa shule moja tu iliyo karibu nawe. Ukienda Kariakoo au kwa muuzaji wako wa jumla, nenda na karatasi hiyo. Akikuambia "chukua na hiki, kinatoka sana", angalia karatasi yako kwanza. Kinatoka sana kwake, ambaye anauzia mikoa yote. Wewe unauzia shule moja.

Mwenye duka karibu na shule mtumie na yeye somo hili. Biashara njema.